Betri za Shangazi: Kutoka Quartzsite hadi Grand Canyon

Mji wa Quartzsite uko magharibi mwa Arizona, kilomita 200 hivi kutoka Phoenix kwa barabara kuu namba 10, karibu na mpaka wa California. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi 2,400 hivi. Ukifika Januari hesabu hiyo haikufai kitu. Wastaafu wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani huikimbia theluji na kushuka kusini na nyumba zao za magurudumu: mabasi yaliyogeuzwa nyumba, matrela yanayovutwa na pikapu, vibasi vya watu wawili vyenye kitanda na jiko. Hutanda jangwani katikati ya vichaka na mipungate mirefu, mpaka kwenye miguu ya milima.

Ardhi hiyo ni ya serikali ya shirikisho. Kusini mwa mji kuna eneo la La Posa, lililotengwa kwa wanaotaka kukaa msimu mzima, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Kwa miaka mingi ada yake imekuwa dola 180 kwa miezi yote saba. Maji ya kunywa yapo, mahali pa kumwaga maji machafu papo. Umeme wa kuchomeka haupo. Kila aliyeegesha hapa hujitengenezea umeme wake mwenyewe, na ndiyo maana mtu anayetaka kujua namna betri ya lithiamu inavyochajiwa barabarani hana mahali pazuri zaidi pa kujifunzia. Ukipita jioni kati ya magari utasikia mazungumzo ya volti na ampea kama vile kwingine watu wanavyozungumzia mvua na mpira.

Nilikwenda huko na Shangazi na mumewe. Shangazi alizaliwa Tanga, akafanya kazi ya uuguzi Phoenix mpaka akastaafu. Mumewe, ambaye ukoo mzima tunamwita Mzee, aliendesha malori makubwa kwenye barabara hiyo hiyo namba 10. Sasa wana karavani yenye injini yake, iliyojengwa juu ya chasisi ya Ford, na kila msimu wa baridi huingia nayo jangwani. Mzee ana maradhi ya kukatika pumzi usingizini. Halali bila mashine ya kumsukumia hewa puani. Mashine yenyewe haitumii umeme mwingi, wati 30 hivi, lakini hewa ya jangwa ni kavu, na kipashio cha unyevu kikiwashwa matumizi hufika wati 60. Zidisha kwa saa nane za usingizi, kila usiku. Betri ikikata saa tisa alfajiri, Mzee huamka akitweta.

Hapo awali walikuwa na betri za maji, zile za risasi na tindikali ambazo kila mwenye gari anazijua. Kwenye karatasi zilikuwa na ampea-saa 200. Kwa kweli walikuwa na nusu yake, kwa sababu betri ya aina hiyo ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa kabla ya wakati wake. Jozi ile ilikuwa na uzito wa kilo 60. Waliponunua za lithiamu walichukua mbili za ampea-saa 100 kila moja, na Shangazi alizibeba mwenyewe, moja moja, maana kila moja ina kilo 12 tu. Kiasi kinachotumika bila kuiumiza ni asilimia 80 hadi 90. Tena betri ya maji hutoa mizunguko mia kadhaa ya kujazwa na kushushwa, hali hizi hutoa maelfu.

Neno lithiamu huwatia watu hofu kwa sababu ya habari za simu na baiskeli za umeme zinazowaka moto. Betri za karavani ni za jamii nyingine. Zinatumia madini ya lithiamu chuma fosfeti, kemia iliyotangazwa mwaka 1997 na John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Ndani yake oksijeni imefungwa kwa nguvu na fosfeti, kwa hiyo seli ikipata joto kupita kiasi haiachii oksijeni kwa urahisi wa kulisha moto. Goodenough huyu, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu kwa jumla. Alikuwa na umri wa miaka 97, mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kupokea Nobel. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 100, na matunda ya akili yake yako chini ya vitanda na viti vya karavani nyingi pale La Posa.

Lakini Shangazi hakunikaribisha ili aniambie habari za betri. Alitaka nione vinavyoichaji.

"Mwanangu," alinieleza siku ya kwanza, akifungua kifuniko chini ya kiti cha meza ya chakula, "watu wananunua betri ya dola mia nane, wanaifunga kwenye chaja ya zamani, halafu wanalalamika kwamba lithiamu ni utapeli. Betri hii haitaki mengi. Inataka volti zake."

Seli moja ya kemia hiyo ina volti 3.2. Zikifungwa nne kwa mfuatano hupatikana volti 12.8, na ili zijae hutaka kusukumwa kwa volti kati ya 14.2 na 14.6. Chaja iliyokuja na karavani yao kutoka kiwandani ilikuwa ya kutoa volti 13.6. Kwa betri ya maji hiyo ni volti ya kuitunza ikiwa imeegeshwa. Kwa lithiamu ni msukumo dhaifu: chaji inaingia kwa unyonge, inachukua muda mrefu, na mara nyingi seli hazifiki kile kimo ambacho saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri huzisawazisha ili zote ziwe na chaji sawa. Ukikaa hivyo miezi na miezi, seli moja hutangulia na nyingine hubaki nyuma, na betri nzima inafuata ile dhaifu.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Chaja nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya betri za maji zina hatua maalumu ya kupandisha volti hadi 15 na zaidi ili kuchemsha tindikali na kusafisha vyuma. Nyingine huongeza volti zenyewe kukiwa na baridi. Yote hayo ni tiba ya betri za maji. Kwa lithiamu lazima yazimwe, la sivyo saketi ya ulinzi, ambayo mafundi wote wa pale huiita BMS, itakata mawasiliano kila mara kuiokoa betri. Shangazi aliitoa ile chaja ya kiwandani na kuweka nyingine yenye mpangilio wa lithiamu na uwezo wa ampea 60. Dola zilizokwenda kwenye chaja, nyaya na fyuzi zilikaribia kulingana na zilizonunua betri zenyewe. Mzee alinung'unika wakati ule. Sasa hanung'uniki.

Ukutani, karibu na mlango, kuna kioo kidogo cha duara kinachoonyesha asilimia. Chini yake Shangazi ametundika daftari, na kila asubuhi na jioni anaandika saa, volti, ampea na nyuzi za joto, kama alivyoandika hali za wagonjwa kwa miaka yote ya kazi yake. Kioo kile kinapata habari zake kutoka kwa shanti, kipande cha shaba kilichofungwa kwenye waya wa hasi, ambacho kila ampea inayoingia na kutoka lazima ikipitie ihesabiwe. Kwa betri za maji watu huridhika na kupima volti. Kwa lithiamu volti haisemi chochote cha maana: kutoka asilimia 80 hadi 30 hubadilika kwa sehemu mbili au tatu tu za kumi za volti moja, kisha ikikaribia mwisho huporomoka ghafla. Mwenye kutegemea volti peke yake hupata habari taa zikiwa zimezimika.

Daftari lilikuwa na hesabu iliyo wazi. Friji ilikula wati-saa 640 kwa siku. Mashine ya Mzee 480. Feni ya hita ya gesi, pampu ya maji, taa na simu zetu zilikula kama 400. Jumla ni wati-saa 1,500 na ushei. Na juu ya paa kuna paneli za sola za wati 400.

Msomaji wa Pwani atasema wati 400 kwenye jangwa la Arizona zinatosha na kubaki. Julai, ndiyo. Lakini Quartzsite iko nyuzi 33 na zaidi kaskazini ya Ikweta, na katikati ya Januari jua la saa sita mchana hupanda nyuzi 35 tu kutoka kwenye upeo. Linapita chini, upande wa kusini. Paneli zilizolazwa bapa juu ya paa hulipata kwa ubavu, na kilele chake kwa siku safi isiyo na wingu kilikuwa wati 220 hivi. Shangazi alikulia Tanga, nyuzi 5 kusini ya Ikweta, ambako jua hukaribia kuwa utosini mwaka mzima na paneli bapa haina kasoro. Hapa majirani wengi wamezifunga paneli zao kwa bawaba na huziinua kila asubuhi kuliangalia jua. Mzee hapandi paa tena kwa sababu ya magoti, kwa hiyo zao hulala bapa, na siku nzima hukusanya wati-saa 1,100 au pungufu.

Pengo la wati-saa 400 linazibwa na jenereta. Na hapo nikaona faida ya lithiamu ambayo matangazo huitaja mara chache. Betri ya maji ikifika asilimia 80 huanza kuikataa chaji. Ampea hushuka kidogo kidogo na jenereta hunguruma saa nyingi kwa ajili ya ule utandu wa mwisho. Lithiamu hupokea ampea 60 bila kusita karibu mpaka ijae. Nusu saa ya jenereta, baada ya kifungua kinywa, na pengo limezibwa. Kwenye kambi yenye saa za utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nusu saa badala ya asubuhi nzima ni adabu kwa majirani.

Si kila jirani alikuwa amefanya mahesabu hayo. Karavani ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ya mstaafu wa Saskatchewan, mcheshi, aliyekuwa amebadilisha betri zake msimu ule ule. Aliweka lithiamu mahali pa zile za maji akaacha nyaya zote kama zilivyokuwa, pamoja na ile swichi ya umeme inayounganisha betri ya nyumba na alteneta ya injini pindi gari likiwashwa. Siku mawingu yalipotanda aliwasha injini, akaiacha ikinguruma taratibu ili ichaji. Baada ya muda harufu ya varnishi iliyoungua ilitoka chini ya boneti. Alteneta ilikuwa imekwisha.

Mzee alinipeleka kuiangalia, na kabla hatujarudi akanipitisha kwenye makaburi ya zamani ya mji. Pale katikati limesimama piramidi la mawe lenye ngamia wa shaba kileleni. Amezikwa hapo Haji Ali, mzaliwa wa Siria ya enzi ya Dola ya Uthmaniya, aliyefika Texas mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na Jeshi la Marekani kwa jaribio la kubeba mizigo majangwani. Wamarekani waliposhindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Jaribio lilikufa, yeye akabaki Arizona akitafuta madini mpaka alipofariki mwaka 1902, na mwaka 1935 jimbo likamjengea mnara huo. Tulimwombea dua, Mzee akaniambia nimtazame yule ngamia wa juu.

"Ngamia mwenye kiu hunywa lita mia kwa dakika kumi," alisema. "Hasubiri, hahesabu. Kisima kikikauka, shauri la kisima. Lithiamu ni hivyo hivyo."

Maelezo yake yalikuwa sahihi. Betri ya maji ina ukinzani mkubwa ndani yake, na ukinzani huo huizuia kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Lithiamu ina ukinzani mdogo mno. Ikiunganishwa moja kwa moja na alteneta huvuta ampea zote zinazopatikana na kuendelea kuvuta kwa saa nzima au zaidi. Alteneta ya gari la kawaida haikutengenezwa kutoa nguvu zake zote mfululizo. Imetengenezwa kurudisha kile kidogo kilichotumika kuwasha injini, kisha ipumzike. Hatari kubwa iko gari likiwa limesimama, injini ikizunguka polepole: feni ya kuipoza alteneta inazunguka polepole vilevile, na hewa haipiti. Nyaya za shaba ndani hupata moto mpaka varnishi yake ikaungua.

Kuna hatari nyingine inayotokea kwa kufumba na kufumbua. Betri ikijaa au ikiona hitilafu, BMS yake hukata. Alteneta iliyokuwa ikitoa ampea mia ghafla haina pa kuzipeleka, volti zake zinaruka juu, na dayodi zake, hata vifaa vingine vya gari, vinaweza kuungua papo hapo. Dawa ya yote mawili ni moja: kuweka chaja ya betri kwa betri katikati. Ni kisanduku cha alumini kinachopokea umeme upande wa injini, kikautengeneza kuwa volti 14 na nukta zake ambazo lithiamu inazitaka, na kuupimia kipimo. Cha Shangazi hupitisha ampea 30, hakizidishi. Betri ya kuwashia gari inabaki upande wa alteneta kupokea mshituko wowote. Vifaa vya namna hii hutengenezwa na kampuni kadhaa. Kinachoonekana zaidi pale La Posa ni cha bluu cha Victron, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1975.

Jirani wa Saskatchewan alinunua alteneta mpya na kile kisanduku kwa pamoja, Mzee akamsaidia kufunga. Siku hiyo hiyo walimwekea fyuzi ya aina ya T sentimita chache kutoka kwenye betri. Fyuzi ya kawaida ya gari haitoshi hapo: lithiamu ikigusanishwa ncha kwa ncha, kwa spana iliyoanguka mathalani, inaweza kutoa maelfu ya ampea, na cheche yake huendelea kuruka ndani ya fyuzi nyepesi hata baada ya waya wake kuyeyuka.

Tuliondoka Quartzsite alfajiri, kuelekea kaskazini. Siku iliyotangulia hapakuwa na jua na Shangazi hakuwasha jenereta kwa makusudi. Kioo kilisoma asilimia 35. "Leo injini itafanya kazi hiyo," alisema. Tukapita Parker, tukaufuata Mto Colorado hadi Lake Havasu City, mji wenye daraja la London. Ni lenyewe hasa, lile lililovuka mto Thames tangu 1831: tajiri Robert McCulloch alilinunua mwaka 1968 kwa dola 2,460,000, mawe yake yakatiwa namba, yakasafirishwa, na mwaka 1971 likafunguliwa jangwani. Tulinunua chai, tukalitazama, tukaendelea.

Kutoka Kingman barabara kuu namba 40 hupanda kuelekea mashariki, karibu na njia iliyopimwa na Edward Beale mwaka 1857. Ngamia wa jeshi walikuwa katika msafara huo, na Haji Ali akiwa miongoni mwa wachungaji wao. Karavani ilipanda kutoka mita 270 za Quartzsite hadi zaidi ya mita 2,000 pale Williams, na tangu Quartzsite mpaka Seligman kile kisanduku kilikuwa kikipitisha ampea zake 30, bila kuzidi wala kupungua, iwe mlimani au mteremkoni. Saa nne na nusu za mwendo ni ampea-saa 135. Paneli ziliongeza zao. Tulipofika Seligman kioo kilisoma mia kwa mia, na chaja ikajizima yenyewe. Alteneta ilikuwa ya moto wa kawaida tu; Mzee alishuka kuipima kwa kipimajoto chake, akaridhika.

Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446, na penye kina kikubwa hushuka zaidi ya kilomita 1.8. Sitajaribu kuieleza. Tulifika ukingo wa kusini jua likizama, theluji ikiwa imetanda juu ya misonobari, na Shangazi alisimama pale ukingoni kwa muda mrefu akiwa amejifunika shuka la kimasai juu ya koti. Tuliegesha kambi ya Mather, isiyo na umeme wa kuchomeka, ambako jenereta huruhusiwa kwa vipindi vifupi tu asubuhi na jioni.

Ukingo huo uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na usiku wa Januari joto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 8 chini ya sifuri. Betri moja iko ndani chini ya kiti; ya pili, kwa ajili ya nafasi, iko kwenye kabati la nje karibu na ngazi. Usiku zote mbili zilitoa umeme bila tabu. Lithiamu ya aina hii inaweza kutumika mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, ingawa kwa nguvu iliyopungua. Mzee alilala vizuri.

Asubuhi jua lilitoka angavu kabisa. Paneli zilikuwa zimefutwa theluji kwa ufagio mrefu, kidhibiti cha sola kilionyesha volti za kutosha, na betri ya ndani ilianza kupokea. Ya nje ilisoma ampea sifuri. Kipimajoto chake kilionyesha nyuzi 3 chini ya sifuri.

Shangazi hakushangaa. Alinieleza kilichokuwa kikitokea kwa makini kuliko alivyonieleza jambo lolote katika safari ile. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu husafiri na kuingia ndani ya tabaka za grafiti za upande wa pili. Kwenye baridi ya chini ya sifuri haziwezi kuingia kwa kasi inayotakiwa. Zinazokosa nafasi hujikusanya juu ya grafiti zikawa madini matupu ya lithiamu. Madini hayo hayarudi tena katika kazi, kwa hiyo uwezo wa betri unapungua moja kwa moja, na yakiota kama miiba yanaweza hata kutoboa utando unaotenganisha pande mbili na kusababisha shoti ndani ya seli. BMS yenye kipimajoto huizuia chaji isiingie mpaka joto lirudi. Ile sifuri ya ampea ilikuwa betri ikijilinda.

Aliwasha swichi ya pedi mbili za kupasha joto zilizobandikwa ubavuni mwa betri. Zilitumia wati 70 hivi, kutoka kwenye betri ile ile, maana kutoa umeme kwenye baridi hakuna madhara. Baada ya saa moja kipimajoto kilisoma nyuzi 5 juu ya sifuri, na ampea zikaanza kuhesabika: mbili, sita, kumi na moja.

"Za bei rahisi nyingine hazina ulinzi huu," alisema, akiandika katika daftari. "Zinachaji tu. Huoni moshi, husikii harufu. Miaka miwili mbele unashangaa betri imekuwa nusu, unamlaumu aliyekuuzia, wala hujui ni asubuhi ipi iliyoiua." Anaamini kwamba kuwapo kwa ulinzi huu ndilo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji yeyote katika nchi za baridi, kabla ya bei na kabla ya dhamana, na baada ya asubuhi ile nakubaliana naye. Betri ya nje amekwisha amua kuihamishia ndani. Betri za maji zilikaa nje kwa sababu zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Hizi hazitoi gesi katika kazi yake ya kawaida, na mahali panapomfaa binadamu kulala panazifaa na zenyewe.

Joto nalo lina madhara yake. Phoenix hupita nyuzi 43 siku nyingi za kiangazi, na betri iliyojaa hadi juu ikiachwa kwenye joto hilo huzeeka haraka. Karavani ikirudi nyumbani Aprili, Shangazi huzishusha hadi asilimia 50 au 60, huzima swichi kuu ili paneli zisiendelee kuzijaza, na huzichungulia kila mwezi. Betri ya maji hutaka kinyume chake, iachwe imejaa daima, na wengi wanaohamia lithiamu hubaki na mazoea hayo ya zamani.

Betri za kemia hii hii sasa zinauzwa Kariakoo, Nairobi na Kigali, kwa ajili ya nyumba zenye sola na magari ya kitalii yenye friji. Baridi ya kuganda si tatizo letu, isipokuwa kwa anayelala juu milimani. Mengine yote yanatuhusu: inveta za zamani zilizopangwa kwa betri za maji, alteneta za Land Cruiser zilizounganishwa moja kwa moja, fyuzi zilizorukwa ili kupunguza gharama. Anayefikiria kununua aanze kwa fundi wake, amwulize chaja iliyopo inatoa volti ngapi, hatua ya kusafisha betri za maji imezimwa au haikuzimwa, na fyuzi itakaa wapi. Asipopata majibu ya namba, asinunue betri bado.